Namba Niliyompa Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Kabla hata ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukishamaliza uichane vipande vidogo. Usimwambie mama, na usimwambie shoga yako yeyote, hata yule unayemwamini kuliko wote. Zaidi ya wote usimwambie shemeji mpaka Alhamisi ipite. Najua ni jambo zito kumwomba mke amfiche mume wake, na najua utakasirika kabla hujafika ukurasa wa pili. Kasirika tu dada, una haki, lakini usipige simu nyumbani.

Haya, sasa salamu. U hali gani? Mama anaendeleaje na nyonga yake? Je, daktari amemruhusu kukanyaga, au bado anakuamrisha kutoka kitandani kama malkia? Na mpwa wangu je, ameshazoea kulala huko, au bado anadai mto wake? Mwambie mjomba wake amempigia magoti. Mimi mwili hauna neno, ni mzima, ila usingizi umenikimbia na mashati ya kazini yameanza kunipwaya.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuwezi kuzungumza. Kila jioni shemeji anaiweka simu juu ya meza, sauti wazi, nasi tunakusalimu kwa pamoja kama kwaya. Nakwambia hatujambo, tunapika, maua yako nayamwagilia. Hayo yote ni kweli. Barua nimeitia kwenye mfuko wa dawa za mama ninaokutumia, chini ya vidonge, kwa kuwa mfuko huo unaufungua wewe tu.

Hujawahi kuniuliza hasa nafanya kazi gani pale kwa mumeo, nami sikulaumu. Umeishi na mtaalamu wa nyota miaka minane na sijawahi kukuona ukimsikiliza mpaka mwisho. Ila leo nivumilie, maana usipoielewa kazi hutaelewa nimejifungia wapi.

Tunapima uzito wa mashimo meusi. Nasema yale makubwa kabisa, yanayokaa katikati ya galaksi, na sisi tunashughulika na galaksi za jirani tu. Ujirani wenyewe ni wa hesabu zao, maana mwanga wa huko husafiri mamilioni ya miaka kabla ya kuingia kwenye darubini. Shimo halionekani. Kinachoonekana ni gesi inayolizunguka, imetandazwa kama sahani, na kazi ni kupima gesi hiyo inakwenda kwa kasi gani na iko umbali gani kutoka katikati. Ikikimbia sana na bado haitoroki, basi kinachoishikilia ni kizito sana. Hapo hata mimi karani naelewa.

Ugumu uko kwenye sahani. Kutoka huku tuliko hatuoni wazi imeinama kiasi gani. Ingekuwa imesimama kwa ubavu, kasi yote tungeiona. Kadiri inavyotuelekezea uso, ndivyo tunavyoona sehemu ndogo zaidi ya kasi hiyo, na nyingine inatupita. Kwa hiyo lazima mtu akadirie kwanza mwinamo wa sahani, kwa digrii, ndipo apate uzito. Akikosea mwinamo amekosea kila kitu kinachofuata.

Sasa wataalamu nao ni binadamu. Mtu anayetarajia jibu fulani huacha kutafuta makosa siku anapolipata, na asipolipata huendelea kutafuta mpaka makosa yapatikane. Ndiyo maana ofisini kwetu kuna desturi ya kufunika jibu. Kompyuta inazidisha kila uzito kwa namba moja ya siri kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Wao wanafanya kazi na uzito huo wa uongo mwaka mzima, wanabishana, wanarekebisha. Wakiridhika wanatia saini, na hesabu inafungwa. Baada ya hapo hakuna mkono unaoruhusiwa kuigusa. Baada ya wiki, mtunza namba anasimama mbele yao wote, anaitamka, wanagawanya, na jibu linalotoka ndilo linaloandikwa, wapende wasipende. Mtunza namba huchaguliwa mtu asiye na cha kupata wala kupoteza katika jibu. Mwaka huu walimchagua karani. Walinichagua mimi.

Mwanzoni nilijivuna, usicheke. Fundi wa kompyuta alinibatiza Bwana Kifuniko. Akinikuta nanawa mikono huniuliza kama nimeshakula au hilo nalo nimelifunika. Siku moja aliniletea sufuria yenye kifuniko akaniwekea mezani, akasema cheo bila vifaa si cheo. Ofisi nzima ilicheka, na shemeji alicheka kuliko wote.

Shemeji mwenyewe unajua anachosimamia. Tangu ujana wake amekuwa akisema kwamba kwa galaksi ndogo kama hii tunayoipima, uzito wa shimo unaweza kukisiwa kutokana na jinsi kasi za nyota za katikati zinavyotofautiana, na ametengeneza kanuni yake mwenyewe. Kuna wenzake wanaosema kanuni hiyo ni ndoto. Galaksi ya safari hii ndiyo mtihani. Kanuni inataka shimo lake liwe na uzito wa majua milioni themanini hivi. Likitoka karibu na hapo, shemeji ameshinda, na bodi itamwachia kitengo. Likitoka mbali, kitengo kitavunjwa, naye atarudi kufundisha mwaka wa kwanza. Amenieleza hayo zaidi ya mara moja, tukiwa mezani, akitazama kiti chako kitupu.

Kwenye skrini zetu uzito uliofunikwa ulikuwa milioni sitini. Sitini hiyo haikuwa na maana kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Shemeji alikuwa akiitazama kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Jioni moja alikuja chumbani kwangu na vikombe viwili vya chai. Unakijua chumba kile cha nyuma, ulikipaka rangi mwenyewe: dirisha linatazama ukuta wa jirani, mlango ni mmoja, na kutoka lazima upite sebuleni. Kiti kilikuwa na nguo zangu, basi akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake pale pale mlangoni. Akaniuliza habari za mama. Akasema chai imezidi sukari, tangu uondoke hajui kupima. Kisha akasema haulizi namba, hasha, yeye ndiye aliyeandika masharti ya ofisi. Anataka tu kujua kama iko juu ya moja au chini ya moja. Nikaanza kukunja zile nguo za kitini. Akasema bwana mdogo, hapa ni nyumbani, ofisi imebaki kule. Nikasema shemeji, nimeapa. Akasema anajua, aliniapisha yeye. Halafu akakumbuka kwamba mkataba wangu unakwisha mwezi ujao, na kwamba wako wanaouliza kwa nini karani ni shemeji wa mkuu, na kwamba siku zote amenisemea. Hakunitisha dada, nataka niwe mkweli kwake. Alisema kwa upole kabisa, huku akipuliza chai.

Nikampa namba. Nilimwambia ni moja na nusu.

Akamaliza chai yake. Akaniambia mazungumzo yale hayakuwahi kuwapo, akachukua vikombe vyote viwili, changu kikiwa bado kimejaa, akaenda kuviosha mwenyewe.

Nilidhani anataka kujua tu, apate usingizi. Sasa sikia kilichofuata.

Katika kitengo kuna dada mmoja, mpimaji, ambaye kazi yake kwa miaka miwili ilikuwa ni mwinamo wa ile sahani tu. Ni mtu wa kazi kwelikweli. Huwezi kumwuliza saa ngapi bila yeye kutazama saa mbili tofauti. Yeye alipata digrii sitini, na kila mtu aliikubali sitini yake. Baada ya ile jioni, shemeji alianza kumwuliza maswali mkutanoni. Je, amezingatia kwamba upande mmoja wa sahani una vumbi linaloficha gesi? Amezingatia. Je, kwa kiasi cha kutosha? Kesho yake swali likarudi, kwa adabu ile ile. Keshokutwa shemeji akaleta hesabu aliyoifanya mwenyewe, yenye vumbi jingi zaidi, na sahani ikawa inatuelekezea uso zaidi: digrii thelathini na nane. Wengine wakatazamana, lakini yeye ndiye mkuu na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumpinga. Mpimaji alisimama akatuomba radhi kwa muda wetu aliopoteza. Kwenye skrini uzito ukapanda kutoka milioni sitini hadi milioni mia na ishirini.

Mia na ishirini, dada, gawanya kwa moja na nusu. Ni themanini kamili.

Siku ile mpimaji alinikuta kwenye korido nikijifanya natafuta faili. Akaniambia afadhali wewe karani, ukikosea umekosea herufi. Alitabasamu, lakini alikuwa amelia. Ameomba ahamishiwe kule wanakotunza picha za zamani, kwa maelezo kwamba macho yake hayafai tena kwa kazi ya kupima. Nimeichapa barua yake ya maombi mimi mwenyewe.

Shemeji tangu hapo ni mtu mwingine. Anaimba akinyoa ndevu. Amenunua mapazia yale uliyokuwa ukiyataka, usimwambie kwamba nimekuambia, anataka yawe siri ukirudi. Mkataba wangu umesainiwa kwa miaka mitatu. Wewe mwenyewe ulimsikia kwenye simu akisema mimi ni mkono wake wa kulia, ukacheka kwa furaha mpaka mama akauliza kuna nini. Nami nilikuwa nimekaa pale pale mezani, nikicheka nanyi.

Sasa nafika pale ninapopaogopa. Kalamu nimeiweka chini mara kadhaa, nimekwenda kuchungulia sebuleni kama kuna mtu, nimerudi.

Namba niliyompa shemeji si ya kweli.

Sikuwa nimepanga. Niliona nikikataa sitakuwa na pa kukaa wala pa kula, na nikisema kweli nimeisaliti kazi ya watu wote wale. Moja na nusu ndiyo iliyokuja mdomoni. Niliitoa kama mtu anavyomtupia mbwa nyama ili asimng'ate. Samahani kwa kumfananisha hivyo mumeo, sikupata mfano mwingine. Namba ya kweli ni sifuri nukta saba.

Chukua karatasi dada, ufanye hesabu hii mwenyewe, maana mimi nimeirudia mpaka naiona kwenye dari. Ile sitini ya kwanza, yenye mwinamo wa mpimaji, ukiigawanya kwa sifuri nukta saba unapata milioni themanini na tano na ushei. Kanuni ya shemeji inataka themanini hivi, na kosa la kipimo linaruhusu kumi juu au kumi chini. Unaona? Alikuwa sahihi. Kanuni yake ni ya kweli. Angeiacha kazi ilivyo, Alhamisi angeshinda mbele ya wote, kwa haki, na mpimaji angeshinda naye. Aliichezea kwa sababu ya uongo wangu. Sasa mia na ishirini ukiigawanya kwa namba ya kweli inatoka mia na sabini na moja, mara mbili ya uzito unaotakiwa. Watauliza kosa liko wapi, na halitachukua muda kuonekana, maana ni kitu kimoja tu kilichobadilishwa dakika za mwisho, na kila mtu anajua nani alikibadilisha.

Na kuna kitu kibaya zaidi, ambacho kinanifanya nijione kama nimefungiwa kwenye kabati. Alhamisi nikisimama nikatamka moja na nusu, ile ya uongo, jibu litatoka themanini. Themanini iko karibu sana na kweli. Uongo wangu na ujanja wake, ukiviweka pamoja, vinafutana, na kinachobaki ni uzito ambao shimo lile linao. Shemeji atabaki na kitengo chake, wewe utabaki na nyumba yako, mimi na miaka yangu mitatu, na kitabu cha dunia hakitakuwa na kosa kubwa. Kuibadilisha namba ndani ya kompyuta ni kazi ya dakika moja, nenosiri ninalo mimi tu. Hakuna atakayejua. Ni mpimaji peke yake atakayebaki akiamini kwamba kwa miaka miwili alitazama kitu akakiona vibaya.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia shemeji mapema. Nilijaribu, nakuapia. Siku ya kutia saini, hesabu ikiwa haijafungwa bado, nilimfuata kwenye gari, nikamwambia shemeji kuhusu ile namba, kuna jambo. Akainua mkono kabla sijamaliza. Akasema namba gani? Mimi na wewe hatujawahi kuzungumza habari za namba. Nikasema naomba unisikilize dakika moja tu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nikilitaja tena neno hilo, hata nyumbani, tutakuwa tumeharibikiwa wote wawili, na kwamba nisiwe mtoto. Akaniaga vizuri, akaingia ndani, akasaini. Namna gani, dada, nimrudishie mtu maneno ambayo ameshasema hayakutamkwa? Nilibaki pale kwenye maegesho nimeshika faili, na mlinzi akaniuliza kama nimeachwa na gari.

Nimeamua. Alhamisi saa nne asubuhi nitatamka sifuri nukta saba. Jibu likishatoka vibaya, na kabla hawajaanza kutazamana, nitasema kwamba niliombwa namba nikatoa ya uongo, na kwamba mwinamo wa digrii sitini ndio uliokuwa sawa. Sitasema kwa hasira. Nitasema pia kwamba kanuni ya mkuu imesimama, waifanye ile hesabu ya kwanza waone. Sijui kama itamsaidia. Nadhani haitamsaidia, kwa sababu hakuna atakayemwamini tena hata akisema jua linawaka. Lakini nataka isemwe, na mimi ndiye ninayeweza kuisema.

Si ushujaa, usinisifu. Nimejaribu kwenye kioo cha bafuni kuitamka moja na nusu kwa uso mkavu, na kila mara nafika katikati naona yule dada akitazama saa zake mbili.

Sababu ya kukuomba siri ni hii. Shemeji akijua, hatanipiga wala hatanifukuza. Atakuja tena na chai, atakaa juu ya ndoo, ataniomba nitamke ile ya uongo, nami nitakubali. Najijua. Mlango ni ule ule mmoja. Kwa hiyo kesho nikitoka kazini sitarudi nyumbani. Nitamwachia ujumbe kwamba nimelala kwa rafiki, nguo mbili nimeshazitoa kidogo kidogo ndani ya mkoba wa kazini, na maua yako nitayamwagilia asubuhi kabla sijaondoka, yawe na maji ya siku tatu.

Nyumba ile ni yako kuliko yangu, na nakwenda kuibomoa ukiwa mbali, ukimwuguza mama yetu sote wawili. Ndiyo maana sikutaka uyasikie haya kwa mtu mwingine. Sikuombi ruhusa, maana ukininyima sijui nitafanya nini. Nakuomba tu uwe umejua kabla.

Msalimie mama kwa unyenyekevu, mwambie dawa za asubuhi asizichanganye na za jioni, nimeziandika juu ya kila boksi. Mbusu mpwa wangu. Wewe mwenyewe kula, usiwe unaonja tu masufuria ya wagonjwa.

Kuhusu kunipata. Simu yangu nitaizima kuanzia kesho jioni, usijaribu. Nitakuwa kwa yule fundi wa kompyuta, ana chumba juu ya karakana yake. Nilipomwomba ufunguo alisema haulizi sababu, ila nisilete jogoo wa kumwamsha alfajiri. Hajui chochote, wala usimweleze. Namba ya karakana nimeiandika nyuma ya boksi la vidonge vyeupe. Usipige kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Nitakuwa nimesharudi kutoka mkutanoni, nitakaa chini karibu na simu mpaka wafunge, na Ijumaa vile vile, na Jumamosi. Akipokea fundi, atakuuliza unamtaka nani. Ukisema unamtaka mdogo wako, nitakuja. Ukisema unamtaka karani, nitakuja pia.

Ni mimi,
wa kwako, uliyenibeba mgongoni.